Usimwite fundi kabla hujashika futikamba

Juzi dada mmoja wa Masasi kanitumia picha za jiko lake, chini kaandika: "Dada, fundi anasema lazima tuvunje ukuta. La kwako ulivunja wapi?"

Sikuvunja popote, mdogo wangu, nilihamisha vitu tu. Anayekazania kuvunja ni yule anayelipwa kwa kuvunja.

Jiko langu liko Chuno, hapa Mtwara mjini, futi 10 kwa 8, na tangu tuhamie lilikuwa linanitesa. Gesi ilikaa chini ya dirisha linalotazama kusini. Anayeishi pwani hii ananielewa: upepo wa kusi ukishaanza, kuanzia Aprili hivi, moto unalala, unapeperuka, mwisho unazimika na wewe uko uani unaanua nguo. Sinki liko pembe ya pili kabisa. Friji je? Friji lilikuwa sebuleni, limevikwa kitambaa cha kufuma, maana baba watoto alitaka wageni walione.

Hela ya korosho ilipoingia tukaita fundi. Akaja, akatazama juu, akatazama chini, hakupima kitu, akachukua advansi, akasema kesho. Kesho hiyo simu haikupokelewa, wala zilizofuata. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Halafu nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua futikamba na pimamaji, nikaazima drili kwa jirani.

Nilichofanya kwanza hakikuhitaji hata drili. Siku ya kupika pilau nilimpa mwanangu chaki, nikamwambia kila nikitoka hapa kwenda pale, avute mstari sakafuni. Pilau linaiva, sakafu imejaa mistari. Iliyojazana zaidi ilikuwa kati ya sinki na gesi, na mingine ilitoka nje ya mlango moja kwa moja hadi sebuleni, kwenye friji la maonyesho. Sikusema neno. Baba watoto aliitazama ile mistari, akavua kitambaa mwenyewe, na jioni ile friji likahamia jikoni. Wenzangu, friji si pambo. Kama lenu bado liko sebuleni, chukueni chaki.

Mambo haya wengine waliyafikiria zamani. Mwaka 1926 mbunifu mmoja wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko kwa ajili ya nyumba za bei nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani, lenye mita 1.9 kwa 3.4 tu, kila kitu kiko karibu na mkono. Yalijengwa kama 10,000. Wamarekani nao wana hesabu yao ya pembetatu: kutoka sinki hadi jiko la kupikia, hadi friji, na kurudi kwenye sinki, kila upande uwe kati ya futi 4 na 9, na pande zote tatu zikijumlishwa zisipite futi 26. Langu sasa jumla yake ni futi 15. Nilipima.

Lakini hesabu zao ni za mtu anayepika kasimama mwanzo hadi mwisho. Nani kati yao anakuna nazi? Mbuzi inakaliwa. Kisamvu unachambua umekaa, mchele unapepeta umekaa, ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, unamenya umekaa. Ukijaza makabati kila upande kama kwenye picha za mtandaoni, mbuzi utaiweka wapi, chumbani? Mimi niliacha nafasi ya upana wa mkeka karibu na mlango wa uani, penye mwanga, na hapo hakiwekwi kitu. Wifi yangu alipokuja akakuta kazi iko katikati, vyombo viko chini, akasema mbele ya watu, "Mbona limekuwa kama jiko la shughuli?" Nilinyamaza. Siku hizi akija, ndiye wa kwanza kukaa pale na kisamvu chake.

Sinki sikuligusa, nawe usiliguse. Bomba la maji machafu linataka mteremko, kama sentimita 2 kwa kila mita moja, na ukilisogeza ovyo maji yatasimama na harufu utaijua. Liache sinki, vingine vilifuate. Gesi niliitoa dirishani nikaileta upande wa sinki, katikati ikakaa meza ya kukatia. Meza hiyo niliipima kwa mwili wangu: kunja mkono, pima kutoka kiwiko hadi sakafuni, punguza sentimita 10 hadi 15. Slabu ya zege tuliyoikuta ilijengwa na mtu mrefu, na mgongo wangu ndio uliolipia.

Rafu nilizitengeneza kwa mbao za mkongo zilizobaki kwenye milango. Mkongo ni mgumu, usipotoboa kwanza skrubu inakatikia ndani. Na huku kwetu nunua skrubu zisizoshika kutu, hata kama muuza duka anakushangaa, chumvi ya bahari haina huruma.

Ukihamisha gesi, mtungi usimame wima, mpira uwe mmoja usio na kiungo, na paka maji ya sabuni kwenye maungio: yakitoa mapovu, gesi inavuja, funga mtungi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inajikusanya chini, kwa hiyo mtungi usiufungie kwenye kabati lisilo na tundu la chini. Umeme ndio pekee nilioita mtu, fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, aniongezee soketi ya friji. Huyo alipima bila kuambiwa, na nilimlipa kazi ilipokwisha.

Wanawake wenzangu, tumezoea kuambiwa drili si yetu. Nani kasema? Pima, chora, pima tena. Ukuta utoboe ukishapima.

Advansi yangu bado sijarudishiwa. Kama unasoma hapa, kaka fundi, namba ni ileile.