Ukoko wa paella

Mwanangu,

Unauliza kwa nini paella, ule wali wa Kihispania uliowapikia wakwe zako wa Valencia, ilitoka bwabwa na haikushika ukoko, ilhali ulifuata hatua zote za pilau. Kosa ndilo hilo: umeipika kama pilau.

Paella ni jina la kikaango chenyewe, kipana kisicho na kina. Kwa watu wanne tumia cha sentimita 40, mchele gramu 400 utandae usizidi unene wa kidole. Kwenye sufuria, wa chini huvurugika kabla wa juu haujaiva. Mfuniko uuache kabatini, mvuke utoke.

Basmati haifai hapa. Tafuta mchele wa punje fupi, hasa uitwao bomba, nao hauoshwi wala hauloweshwi, maana mchele ukishashiba maji utainywaje supu?

Kaanga vipande vidogo vya kuku na sungura kwa mafuta ya zeituni, moto wa wastani, mpaka viwe kahawia hasa. Usiharakishe, ladha yote inatoka hapo. Tia maharage mabichi ya maganda mapana, kisha nyanya zilizokunwa, zikauke mpaka ziive rangi. Kitunguu kiache, wenyewe wanasema hulainisha wali. Paprika kijiko kimoja cha chai, koroga mara mbili na umimine maji papo hapo: ikiungua inakuwa chungu, na hakuna dawa.

Maji lita 2, yatokote polepole nusu saa, yabaki kama lita 1.3. Hapo tia zafarani iliyosagwa na chumvi. (Wao huiita azafrán, ni Kiarabu kile kile kilichotufikia sisi, na Waarabu ndio waliopeleka kilimo cha mpunga kwao.) Supu ikolee chumvi kidogo kupita unavyopenda, kwani mchele utaimeza.

Nyunyiza mchele, usawazishe mara moja, kisha weka mwiko chini. Ukikoroga, wanga unatoka, na bwabwa lako ni hilo. Moto mkali dakika 8 hadi 10, halafu mdogo dakika nyingine kama hizo. Jiko likiwa dogo kuliko kikaango, zungusha kikaango, si wali.

Ukoko, wao wanauita socarrat, hupatikana mwishoni, supu ikishakauka. Ongeza moto dakika moja na utege sikio: mtokoto unageuka kuwa mlio wa kukaanga. Ikinukia kama mkate wa kuchoma, vizuri. Ukisikia harufu ya moshi, umechelewa. Epua, ipumzike dakika 5.

Konokono, artichoki, tawi la rozmari: hayo kila nyumba ina lake, fuata la mama mkwe wako. Usipakue. Weka kikaango katikati, kila mtu ale upande wake kwa kijiko, kama kwenye sinia, na ukoko ukwanguliwe pale pale ungali wa moto.

Mama yako