Kivuko cha Basel kisicho na injini

Uliuliza vivuko vya Basel, Uswisi, vinavukaje Mto Rhine bila injini, na ni kivuko kipi cha kupanda. Kebo imevutwa juu ya mto toka ukingo hadi ukingo, na chombo kimefungwa kwayo kwa waya mrefu. Nahodha akigeuza wenzo, chombo hukaa mshazari na mkondo wenyewe hukisukuma ng'ambo. Mto ukifurika huduma husimama, maana maji yanazidi nguvu na magogo hupita.

Vipo vinne, cha kwanza kilianza 1854. Panda kile kiitwacho Leu ukitokea Kleinbasel, sehemu ya mji iliyo ukingo wa kulia, ukae mbele: kanisa kuu liko juu yako kabisa. Kikiwa ng'ambo, piga kengele ya gatini. Ukishuka kuna ngazi nyingi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu apande tu kwenda na kurudi.