Kisima kikinuka mafuta, anza hapa

Sisi wa Unguja na Pemba hatuna mito mikubwa ya kutegemea. Maji yetu, yawe ya bomba au ya kisima cha uani, karibu yote yanatoka chini, na huko chini sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Kwa hiyo tangi la sheli likivuja, hasara si ya mwenye sheli peke yake.

Kazi yangu ni kuchukua sampuli za maji. Bibi mmoja wa Magharibi 'B' alinivutia ndoo akaniambia, "Mwanangu, hebu nusa. Hii si harufu ya kandili?" Ilikuwa ndiyo. Juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua. Nikaupasua kwa kijiti, mara ukaungana tena. Jaribio hili unaweza kulifanya mwenyewe. Bakteria wanaokula chuma nao hutandaza utando kama huo, lakini wao ukiugusa huvunjika vipande na haurudi. Wa mafuta hujikusanya upya.

Kisima kisichonuka nacho kisikutulize moyo. Petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mpaka pua iinuse benzini yenyewe, imeshapita hapo mbali sana.

Kabla ya kuchimba chochote, tafuta daftari la tangi. Mafuta hupimwa kwa kijiti, na kipimo kinatakiwa kilingane na yaliyokuwemo, ujumlishe yaliyoingia, utoe yaliyouzwa. Tofauti ndogo ya siku moja haina neno. Upungufu unaojirudia wiki baada ya wiki ndio wa kuuandama. Uliza pia umri wa tangi na hali ya mabomba, maana viungo vya mabomba huvuja hata pale tangi likiwa zima. Daftari hilo hutapewa kwa kuomba dirishani. Nendeni pamoja na sheha, na malalamiko yafike ZEMA, mamlaka ya mazingira Zanzibar, na ZURA, mamlaka inayodhibiti maji na nishati, kwa maandishi.

Uchunguzi wenyewe unataka visima vya kupimia visivyopungua vitatu, visikae kwenye mstari mmoja, ili ijulikane maji yanaelekea wapi. Kwenye mchanga hesabu hiyo inakupa mwanzo mzuri. Kwenye jiwe letu maji hufuata ufa: nimekuta kisima cha mbali kina mafuta, na cha jirani aliyepakana ukuta na sheli ni kisafi. Pimeni vya pande zote, msikisie. Karibu na pwani andikeni na saa, kwa kuwa usawa wa maji hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa. Na matundu ya bomba la kisima lazima yavuke usawa wa maji, juu na chini. Petroli huelea, ukivuta maji ya chini tu utaikosa.

Sampuli ndipo wengi wanapoharibu. Tumia chupa za kioo za mililita 40 kutoka maabara. Jaza mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, pindua, gonga kwa kidole. Ukiona kipovu, chukua chupa nyingine uanze tena, kwani benzini hukimbilia kwenye hewa hiyo. Ziweke kwenye barafu papo hapo. Anza na kisima unachodhani ni safi, umalizie kichafu. Na mikono iliyotoka kujaza mafuta ya pikipiki isiguse chupa hizo.

Wakati mnasubiri majibu, acheni kuyanywa na kuyapikia. Msiyachemshe mkidhani mnayasafisha, mtaujaza mvuke jikoni. Msiteremshe kandili wala mtu kisimani kuchungulia: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia humo, na cheche moja inatosha.

Majibu ya kiangazi yakija safi, pimeni tena baada ya masika. Maji yakipanda hufikia mafuta yaliyonata udongoni, na kisima kilichokuwa salama mwezi wa pili kinaweza kisiwe salama mwezi wa sita.