Mkuu usisaini huo mpango, makutano kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Umeandika kwamba kamati yenu ya halmashauri ina bajeti ndogo, mshauri kawaambia mchore mistari ya baiskeli kilomita nyingi iwezekanavyo na makutano yasubiri awamu ya pili, halafu unauliza upana wa njia, rangi gani inadumu, watumiaji wanahesabiwaje na maegesho ya baiskeli yakae wapi. Rangi achana nayo kwanza. Hiyo awamu ya pili na sisi tuliahidiwa, mpaka leo hatujaiona.

Nilikuwa mwakilishi wa wakazi kwenye kamati kama yenu. Mshauri alikuja na ramani ina mstari wa kijani mwanzo mpaka mwisho, ukumbi mzima ukapiga makofi. Kumbe barabarani ule mstari ulikuwa unakatika kabla ya kila makutano, pale pale gari zinapoanza kukata kona, na kwenye ramani ndogo vile pengo la mita 30 nani ataliona? Nenda sasa ukasimame pale. Kona imechongwa pana, dereva anakunja bila hata kugusa breki, mama kambeba mtoto nyuma anafika mstari unapoishia, anaweka mguu chini, anageuka kuangalia nyuma, anageuka tena, mwisho anashuka anakokota baiskeli. Wiki ijayo humuoni. Wengine wakahamia njia ya waenda kwa miguu, wazee wakaanza kulalamika wanagongwa, na wana haki. Halafu madiwani wakasema tumewajengea njia hamuitumii, na bajeti iliyofuata ikaenda kwingine. Hapo ndo panaponiuma zaidi, pesa imeisha na hoja ya baiskeli imekufa pamoja nayo.

Yule mshauri sijamsamehe. Hakupita pale kwa baiskeli hata mara moja, alikagua akiwa ndani ya gari, na haya mambo siyo siri. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa kubuni njia za baiskeli wa mwaka 2020, LTN 1/20, unasema wazi wenye baiskeli watengwe na magari mengi kwa kizuizi halisi, kwenye makutano na kwenye vipande vya katikati, tena unataka wabunifu wenyewe wazijue barabara wakiwa juu ya baiskeli. Seville kule Hispania hawakutawanya vipande, walijenga haraka mtandao wa kama kilomita 80 uliounganika na kutengwa na magari, na watu wakaanza kupanda baiskeli kwa wingi. Mtu hana mabawa ya kuruka makutano, akiogopa sehemu moja tu safari nzima anaiacha.

Kwa hiyo kama hela ni kidogo chukueni barabara moja, hata iwe fupi, mmalize makutano yake yote. Kona ikazwe ili gari lipunguze mwendo lenyewe. Kivuko cha barabara ya pembeni kiinuliwe kiwe usawa wa njia ya miguu, gari ndo lipande, siyo bibi ashuke. Njia ya baiskeli ikifika pale isogezwe ndani kama urefu wa gari moja, dereva anayekunja apate pa kusimama na kumuona anayepita. Penye taa, waenda kwa miguu na baiskeli wapewe kijani sekunde chache kabla ya magari, na muulize hesabu ya kuvuka imepigwa kwa mwendo gani maana wengi wanatumia mita 1.2 kwa sekunde na mzee mwenye fimbo hafiki huko.

Upana, huo mwongozo unapendekeza mita 2 kwa njia ya kwenda upande mmoja, penye baiskeli nyingi iongezwe.

Kikao chenu umesema Alhamisi. Kaombe mchoro wa makutano moja moja, kwa skeli kubwa ambayo ukingo wa barabara unaonekana, na mwambie mshauri mkapite wote kwa baiskeli asubuhi watu wanapoenda kazini. Akikujibu michoro ipo awamu ya pili, kalamu irudi mfukoni.