Nilinunua nyumba ya kontemporari Mtwara, kuiuza ndo nikaijua vizuri

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja, eti hizi nyumba za kontemporari, zile za paa la kuficha, zina soko huku kwetu Mtwara au ni za Dar tu? Kujibu mmoja mmoja nimechoka, acha niandike.

Ya kwangu niliinunua 2020 maeneo ya Mangamba, vyumba vitatu kimoja masta, milioni 78. Kiukweli niliipendea picha. Maboksi maboksi, kijivu na nyeupe, dirisha la sebuleni toka chini mpaka juu, ukiirusha statasi jioni watu wanadhani umehamia Mbweni ya Dar. Nilienda kuikagua mwezi wa nane, jua kali, vumbi tupu, nikagonga ukuta kwa ngumi kama vile najua ninachofanya, nikalipa. Hapo ndo niliharibu, nyumba ya paa la kuficha usiinunue kiangazi, au kama huna jinsi basi omba ngazi upande juu mwenyewe.

Mvua za mwezi wa kwanza zikaja. Usiku nasikia tone linagonga meza ya tivi, nawasha taa naona jipsamu ya dari imevimba katikati, nikaigusa na mti wa fagio ikafunguka, nikaoga maji pamoja na majani makavu ya mwembe. Mwembe wenyewe wa jirani.

Fundi alivyopanda ndo akanielewesha. Paa la kawaida bati linatoka nje ya ukuta, maji yakizidi yanamwagika nje huko, shida yake ndogo. Hili la kuficha bati limelala halina mwinuko wa maana, limezungukwa na parapeti, yaani kile kiukuta cha juu kinacholificha, maji yote yanakimbilia kwenye gata la ndani lenye tundu moja la kutokea, sasa majani yakiziba lile tundu maji hayana pa kwenda zaidi ya sebuleni kwako. Na kwa vile hakuna bati lililochomoza kukinga ukuta, mvua inapiga rangi moja kwa moja, mwaka wa pili kijivu changu kilikuwa na michirizi myeusi kama mtu kamwaga chai. Ongezea chumvi ya bahari, misumari ya bei rahisi inakula kutu mapema. Nikapanua gata, nikaongeza matundu mawili na kutoboa parapeti kuweka mabomba ya kutemea maji nje, milioni 6 na laki 4 hizo.

2023 nikahamishiwa Dodoma kikazi, nikatangaza milioni 95. Dalali kila wiki "bosi mteja yupo njiani". Wateja wenyewe wanakuja, wanapiga selfi kwenye geti, wanaondoka. Wakati huohuo nyumba ya nyuma yangu, bati la kawaida, baraza pana mbele, imepakwa rangi zamani hizo, ikaondoka ndani ya wiki tatu! Niliumia nisikudanganye.

Mnunuzi wangu alipatikana Novemba, minada ya korosho imechanganya, mzee mmoja wa Tandahimba anatafutia familia nyumba ya mjini. Kazunguka yote kimya, kaangalia dari, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa mgeni akija unamkalisha wapi? Baraza liko wapi?" Sikuwa na jibu, kuna kingazi cha vigae na mlango basi. Akauliza na jiko la nje. Halipo. Tukamalizana kwa milioni 80, piga hesabu mwenyewe na hela ya paa.

Kwa hiyo ukinunua, mfikirie na atakayenunua kwako. Mtwara sio Dar, wanaonunua nyumba iliyokamilika kwa bei hiyo ni wachache, na wengi wana hela msimu wa korosho tu, ukiuza mwezi wa tano unajipunja. Na bei za matarajio zishatutesa sana mkoa huu, wanaokumbuka 2012 na 2013 wakati wa gesi wanajua, watu walijenga wakisubiri wapangaji wa dola, bomba la gesi likaenda Dar, nyumba zikabaki na popo. Usilipie leo bei ya mradi ambao haujaanza.

Muonekano nao unapita. Si juzi tu nyumba ilikuwa lazima iwe na makona kumi na paa la msauzi? Leo watu wanazicheka. Kinachobaki ni eneo, barabara, maji na hati. Hati nenda nayo ofisi ya ardhi waikague kabla hujatoa hata mia, na kama muuzaji ana mke au mume ridhaa yake iwepo kwa maandishi.

Mi sisemi usinunue. Ila panda juu uhesabu matundu ya maji, angalia kama kuna mwembe karibu, uliza dirisha kubwa linaangalia wapi maana likiangalia magharibi hiyo sebule saa kumi haikaliki, na iwe na nafasi ya kuongeza baraza.

Juzi nilikuwa huko nikapita, mzee kashusha bati mbele yote, kaweka na benchi la zege. Picha haitoki tena vizuri, ila walikuwa wamekaa watu sita pale wanakunywa kahawa.