Re: Bei ya petroli sawa kila kituo, hawajapanga?

Mkuu, umeuliza kwa nini kuanzia Ubungo hadi Mbagala bei ya petroli ni ileile. Pale hakuna njama. EWURA (mamlaka ya kudhibiti nishati na maji Tanzania) hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kupita hapo ni kosa. Mafuta yenyewe huagizwa kwa pamoja, kwa hiyo gharama za wenye vituo hazipishani sana, na wengi wanaganda kwenye kikomo (nani akatae faida?).

Njama ni wauzaji wenyewe kukaa chini na kukubaliana bei. Hilo Sheria ya Ushindani ya 2003 inalikataza, na FCC (Tume ya Ushindani) inaweza kuwatoza asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka.

Risiti lakini dai, mkuu. Ukiuziwa juu ya kikomo, bila hiyo utalalamika na nini?