Fundi Anajibu: Seremala Aalikwapo Kuunda Bunduki ya Kale

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni seremala wa Mwanakwerekwe, nimeshika randa kwa miaka 22. Shemeji yangu ni raia wa Marekani na ni mpenzi mkubwa wa bunduki za kale. Amenialika nifuatane naye kwenye darasa la siku chache huko Anniston, jimbo la Alabama, ambako kila mwanafunzi huunda kwa mikono yake bunduki ya kijeshi iitwayo M1 Garand. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana Bama (Burma) wakati wa Vita vya Pili, na tangu utotoni ninatamani kuijua bunduki aliyoibeba. Naomba unieleze hufanywa nini hasa katika darasa kama hilo, kama seremala ana nafasi humo, na kama ninaweza kurudi Unguja na bunduki hiyo nikaitundika ukumbini kwa kumbukumbu ya babu.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, fundi. Niruhusu nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua hayo mengine. Bunduki hiyo usirudi nayo, wala usirudi na kipande chake hata kimoja. Hapa kwetu silaha humilikiwa kwa leseni inayoombwa Polisi, kuiingiza nchini bila ya kibali ni kosa la jinai, na kuitoa Marekani nako kunataka kibali cha serikali ya huko. Umri wa miaka 80 hauigeuzi bunduki inayofyatuka kuwa pambo la ukumbini. Tena usidhani kwamba kipande kimoja kitapita kwa kuwa ni kipande tu: kwa sheria ya Marekani, lile bomba la chuma lenye nambari, ambalo komeo, yaani chuma kinachoifungia risasi ndani, hutembea ndani yake, ndilo bunduki yenyewe, hata likiwa peke yake bila ya kasiba, yaani mtutu, wala mti.

Liko jambo jengine ambalo huenda shemeji yako hakulifikiria, kwa sababu yeye ni raia na halimhusu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi kuwa na bunduki au risasi mikononi mwake, isipokuwa kwa vighairi vichache, mfano wa mtu mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Aidha, taasisi inayouza bunduki hizi kwa raia na kuendesha mafunzo yake huko Anniston, yaani Civilian Marksmanship Program, huwauzia raia wa Marekani waliotimiza masharti yake, na mgeni hamo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo, kabla hujalipa nauli, mwombe shemeji yako awaandikie wenye darasa na kuwauliza kwa maneno yaliyo wazi kama mgeni anaruhusiwa kukaa darasani akatazama, mpaka wapi anaruhusiwa kugusa, na jibu hilo alipate kwa maandishi. Wakisema hapana, usishike tiketi. Wakisema unaweza kuketi kando ya benchi la shemeji yako huku yeye ndiye mwenye kazi na mwenye mali, basi nenda, ndugu yangu, nenda ukiwa na daftari, kwa sababu utakachokiona kina thamani kwa mtu wa kazi yako.

Sasa nikueleze bunduki yenyewe. M1 ilibuniwa na John Garand, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi katika karakana ya silaha ya serikali huko Springfield, jimbo la Massachusetts, na jeshi la Marekani liliikubali rasmi mwaka 1936. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 5. Ina uzito wa karibu kilo 4.3, na hubeba risasi 8 zilizoshikwa pamoja na kibanio cha chuma kinachosukumwa ndani kutoka juu. Risasi ya mwisho ikishatoka, kibanio huruka nje kwa mlio wa chuma ambao askari wa zamani hawakuusahau. Upya wake wakati ule ulikuwa katika kujipakia yenyewe. Karibu na mdomo wa kasiba mna tundu dogo. Risasi inapopita, sehemu ya moshi wa baruti hupenya hapo na kukisukuma nyuma kijiti kirefu cha chuma, kijiti kikalifungua komeo, ganda tupu likatupwa nje, kisha springi ikarudisha kila kitu mbele pamoja na risasi nyengine. Askari hakuwa na haja ya kuvuta komeo kwa mkono kila alipofyatua.

Kwa sababu hiyo, nasikitika kukwambia kwamba siyo bunduki ya babu yako. Askari wa Keya walibeba Lee-Enfield ya Kiingereza, yenye kuingia risasi 10 na komeo linalovutwa kwa mkono. Kikosi cha Afrika Mashariki kilichopita bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya mvua na matope, kilikuwa na silaha hiyo. Ikiwa nia yako hasa ni babu, mwambie shemeji yako akutafutie makumbusho yenye Lee-Enfield uitazame kwa karibu, kwa sababu kusimama mbele yake kutakupa kitu ambacho darasa zima la M1 halitakupa.

Darasani, kazi kubwa ni kupima na kulinganisha kuliko kutengeneza. Vipande huwa vilishatoka kiwandani miaka mingi iliyopita, na mwanafunzi hujifunza kutambua kilicholika, kilichopinda na kilicho kizima. Kipimo kinachoheshimiwa kuliko vyote ni nafasi iliyopo baina ya uso wa komeo na mahali risasi inapoegemea ndani ya kasiba. Kuna vipimo viwili vya chuma vilivyosuguliwa vikang'aa: cha kwanza komeo lazima lijifunge juu yake, cha pili lazima likatae. Tofauti ya viwili hivyo ni kama milimita 0.15. Nafasi ikizidi, ganda la risasi linaweza kupasuka na moto ukamrudia mpigaji usoni. Ndiyo maana hatua hii husimamiwa na mkufunzi, na ndiyo maana ninamwomba kila anayesoma ukurasa huu asijaribu kazi hiyo peke yake katika karakana ya uani, hapa wala kwengineko.

Na seremala? Hapo ndipo penye utamu. Mti wa M1 una vipande vitatu, yaani kitako kirefu kinachopokea chuma chote na vifuniko viwili vya juu vinavyokinga mkono usiungue, na mara nyingi ni wa mjozi. Chuma hakifungwi kwenye kitako kwa skrubu. Mtambo wa kufyatulia huingizwa kutoka chini, na kikingio chake kinapokunjwa kwenda mahali pake huubana mti baina yake na chuma cha juu, kama kabari. Fundi hukisukuma kwa kiganja na kusikiliza: kikianza kukaza kabla hakijafika mwisho, mti umeshika, kikifunga kiurahisi kama kifuniko cha sanduku la kiberiti, mti umechoka, chuma kitacheza ndani, na shabaha haitakaa mahali pamoja. Hakuna kipimo cha namba hapo isipokuwa mkono uliozoea, na mkono huo wewe unao. Uliwahi kufunga mlango wa mfenesi ndani ya fremu yake wakati wa masika, ukajua kwamba wakati wa kaskazi utalegea, ukauachia kiasi chake. Mti wa bunduki una tabia ile ile, hunywa unyevu na kuutema, ndiyo maana ulipakwa mafuta ya mbegu za kitani uendelee kupumua badala ya kuvikwa vanishi ngumu.

Angalia pia namna wanavyokifufua kitako kilichobonyea. Fundi asiye na subira hukimbilia msasa, akaula mti mpaka alama za wakaguzi zilizopigwa mhuri zamani zikafutika. Mjuzi huweka kitambaa kibichi juu ya kibonyeo, akakipitisha pasi ya moto, mvuke ukaingia, na nyuzi za mti zikainuka zenyewe. Niliwahi kufanya hivyo kwenye ubao wa sanduku la njumu lililoangushwa na wahamishaji, na kibonyeo cha ukubwa wa ncha ya kidole kilipanda baada ya mara tatu, na rangi ya miaka mingi haikuguswa. Ufundi huo hauhitaji leseni, na mji wetu wenye milango na masanduku ya kale una njaa nao.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli, Chake Chake. Nimesikia kwamba bunduki hizi za kale huundwa kutokana na vipande vya bunduki nyingi tofauti. Je, kitu kilichounganishwa jana kinaweza kuitwa cha kale?

JIBU: Mwalimu, jeshi lenyewe lilikwisha kukujibu. Tangu mwanzo M1 zilitengenezwa ili kipande cha moja kiingie katika nyengine bila ya kuchongwa upya, na baada ya vita zilirudishwa kwenye karakana kwa maelfu, zikafunguliwa, vipande vikaoshwa na kuchanganywa, kisha zikaunganishwa tena kwa kutazama uzima wa kipande tu. Nyingi zilipelekwa nchi marafiki kama Denmark na Ugiriki kwa mkopo, zikakaa huko miaka mingi na kurudishwa zikiwa na vipande vilivyobadilishwa na mafundi wa huko. Kwa hiyo M1 ambayo haikuwahi kuchanganywa ni adimu, na bei yake huonyesha hivyo. Vipande vingi vimepigwa nambari za michoro, na mjuzi akizisoma hukadiria kipande kilitoka kipindi gani.

Ninachokishikilia mimi ni ukweli wa maelezo. Aliyeunganisha bunduki mwaka huu kwa vipande vya 1943 na 1955 na aseme hivyo, aandike kila kipande kimetoka wapi, na karatasi ifuatane na bunduki. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu nimeona katika mitaa ya Mji Mkongwe fremu ya kale iliyotiwa mbawa mpya zilizopakwa moshi na chai, ikauzwa kwa mgeni kama mlango wa zama za Masultani. Mbawa zile zilikuwa nzuri, na aliyezichonga alistahili kutajwa kwa kazi yake.

SWALI: Tulipokuwa tunaezua nyumba ya marehemu babu yetu hapa Wete, tulikuta darini bunduki imefungwa katika gunia, mti wake umeliwa na mchwa na chuma kina kutu. Mjukuu wangu anataka kuisafisha aifanye iwe kama mpya, kwani ameona watu wakifanya hivyo kwenye simu. Nimwache?

JIBU: Usimwache, Bibi, na nakuomba ufanye hivyo leo hii. Kutu haisemi kama ndani mna baruti au risasi. Gobore linaweza kuwa limeshindiliwa na mtu aliyefariki zamani, na likakaa limejaa mpaka leo. Basi lisigeuzwe, lisitiwe mafuta, lisichomekwe kitu mdomoni, na watoto waondolewe chumba hicho. Wala lisichukuliwe kwenye daladala kupelekwa kituoni, kwa sababu atakayekutwa nalo njiani atakuwa na mengi ya kueleza. Mwite sheha wako aje aone lilipo, na yeye na wewe muwaite Polisi waje kulichukua wenyewe. Waelezeni lilivyopatikana, na ombeni maandishi kwamba limepokewa.

Kama mnaona lina historia ya familia, semeni hapo hapo kwamba mngependa lichunguzwe na watu wa makumbusho kabla halijaharibiwa, na muwape jina la babu, kazi aliyoifanya na miaka mnayoikumbuka. Huyo mjukuu mpe kazi ya kuyaandika hayo kutoka kwa wazee waliobaki, maana kutu ya chuma hungoja, wazee hawangoji. Na mti ule ulioliwa na mchwa usimruhusu kuung'oa ili kuuhifadhi peke yake. Uende pamoja na chuma chake kama ulivyokutwa.